Mgeni Anapohamia Kinampanda

Kinampanda, kata ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, imezoea kupokea watu ambao si wa Iramba. Chanzo chake kikubwa ni chuo cha ualimu. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani, walioshika kazi iliyoachwa na Wajerumani wa Leipzig baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, walifundisha walimu hapa enzi za ukoloni, na baada ya Uhuru chuo kikawa cha Serikali. Tangu hapo wamepita Wahaya, Wachaga, Wangoni, Wamakonde na wengine wengi. Wapo waliokaa miaka ya masomo tu wakaondoka, na wapo waliopangiwa kazi shule za jirani, wakaoa au kuolewa, wakajenga.

Wenyeji wa hapa ni Wanyiramba, nao hawajioni kuwa watu waliochipuka kwenye udongo huu. Jirani zao Wanyisanzu, walioko Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, husimulia kwamba babu zao walitoka Ukerewe. Kwenye mbuga ya Wembere wafugaji wa Kisukuma na Wataturu wamekuwa wakiingia na mifugo yao kwa vizazi vingi. Nchi hii imejengwa na wahamiaji, na ndiyo maana utaratibu wa kumpokea mgeni upo, unajulikana na unafuatwa, ijapokuwa hakuna aliyeuandika ukutani.

Utaratibu wenyewe una msingi mmoja ambao wageni wengi huchelewa kuuona. Mgeni hapokewi kwa kustareheshwa peke yake. Hupokewa kwa kupewa wajibu. Siku za mwanzo utaletewa maji, utaonyeshwa kisima, utakaribishwa ugali. Baada ya hapo jirani atakuja na daftari la mchango wa msiba na kusubiri mlangoni. Mwalimu kijana aliyelelewa mjini huudhika: mimi sina hata mwezi hapa, marehemu simjui, nachangaje? Hajui kwamba kuandikwa kwenye daftari lile ndiko kuhesabiwa. Asiyeandikwa bado ni mpita njia.

Msiba ndio darasa kubwa. Habari zikishafika, shughuli za kitongoji hupungua, wakati mwingine husimama kabisa. Vijana huenda kuchimba kaburi, na kwenye ardhi ya Singida yenye mawe kazi hiyo si ya mzaha. Hushuka wawili wawili kwa zamu, wengine wakiwa juu na majembe, sururu na koleo. Wanawake hufika na kuni kichwani, ndoo za maji, na unga kwenye beseni lililofunikwa kwa kanga. Wanaume hulala nje kuzunguka moto, na mwezi wa Juni au Julai, upepo wa kipupwe unapovuma kwenye nyanda hizi za juu, moto huo unahitajika kweli. Mgeni hatarajiwi kujua la kusema. Anatarajiwa afike, ashike sururu zamu yake ikifika, akae. Nimemwona mwalimu wa kutoka Kagera, mtu mkimya, asiyejua neno la Kinyiramba zaidi ya salamu, akishuka kaburini na shati la kazini, mikono imekunjwa. Juma lililofuata watoto wa nyumba iliyofiwa walimpelekea jogoo. Hapakuwa na hotuba. Tangu hapo wazee walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, baba fulani, na si mwalimu tena.

Jogoo si zawadi ndogo. Kuku wa Singida wanajulikana mpaka Dar es Salaam, na mama wa nyumbani huwategemea kwa daftari za shule, dawa na chumvi. Akikuchinjia, jua kwamba ametoa akiba yake. Firigisi huwekewa baba wa nyumba au mgeni anayeheshimiwa, na ukiwekewa wewe, kula. Kuikataa kwa adabu za mjini, eti usiwasumbue, kunaumiza kuliko mgeni anavyodhani.

Kinachowashinda wengi mwanzoni ni mlenda. Aliyekulia kwenye migomba ya Kilimanjaro au Bukoba huutazama ukivutika kutoka bakulini na hamu ikamtoka. Ningemwomba atazame kwanza unavyopikwa. Majani huchumwa wakati wa mvua, wakati pekee yanapopatikana kwa wingi, kwa kuwa mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Huanikwa juani hadi yakatike kwa vidole, hutwangwa, huchekechwa, na unga wake huhifadhiwa kwa miezi ya ukame. Siku ya kupika, maji huchemshwa na magadi kidogo, unga humiminwa huku mwiko ukizungushwa, na mwisho huongezwa karanga zilizosagwa. Huliwa na ugali wa uwele au mtama, wa moto, tonge likichovywa na kuzungushwa ili lisidondoshe. Ndiyo mboga inayoivusha familia hadi mvua nyingine bila kununua kitu sokoni. Ukishaelewa hesabu hiyo utakula kwa heshima, na baada ya muda kwa hamu.

Nyumba zimebadilika. Tembe, nyumba ya ukuta wa udongo na paa bapa la miti na udongo, ndiyo iliyokuwa nyumba ya Mnyiramba, kama ilivyokuwa kwa Mnyaturu na Mgogo, na mifugo ililala ndani au uani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilisogeza watu pamoja, na sasa tofali na bati vimeshika nafasi. Lakini adabu za tembe zimebaki. Huingii uani moja kwa moja. Unasimama mbali kidogo, unapiga hodi, unasubiri sauti. Salamu haina haraka. Unamwamkia mzee shikamoo, unaulizwa umeamkaje, za nyumbani, za watoto, za mifugo, nawe unauliza vivyo hivyo, na shida iliyokuleta inasubiri hadi hayo yaishe. Ukipewa kitu na mkubwa, pokea kwa mikono miwili.

Hapo nawakumbuka Watanzania wanaokwenda kusoma au kufanya kazi Korea Kusini. Kabla ya kuondoka huambiwa wavue viatu mlangoni, wapokee kitu kwa mikono miwili, wasianze kula kabla ya mkubwa. Mzee wa Kinampanda angeyaelewa hayo bila mkalimani. Tofauti ni nani anayefundisha. Wakorea, tangu mwaka 2009, wana mpango wa Serikali unaomfundisha mgeni lugha yao na maisha ya jamii yao darasani, na anayeumaliza hupata nafuu anapoomba ukaazi wa kudumu au uraia. Kwetu kazi hiyo imeachiwa jirani, mama mwenye nyumba, mwenyekiti wa kitongoji na bibi wa kisimani. Wanaifanya vizuri sana, bila posho, na sijasikia wakishukuriwa kwenye mahafali yoyote.

Kwa anayeoa hapa kuna jambo moja zaidi. Kwa asili Wanyiramba walihesabu ukoo kwa upande wa mama, tofauti na jirani zao Wanyaturu wanaofuata baba. Mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, hata katika urithi na mahari. Mambo yamegeuka, na leo mtoto wa kiume hurithi ng'ombe na shamba la baba yake katika nyumba nyingi, ila mjomba hajatoka kwenye kikao. Mchumba wa kutoka mbali akimaliza mazungumzo na baba mzazi akadhani kazi imeisha, atashangaa kuitwa tena. Aulize mapema: mjomba yupo wapi? Swali hilo peke yake humfungulia milango.

Lugha ni mtihani mwingine. Kiswahili kinatosha chuoni, ofisini na mnadani. Hakitoshi kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza aliyekuja na Kinyiramba cha bibi yake, wala kwa bibi mwenyewe anayekuja kueleza kwa nini mjukuu hakufika shule. Mwalimu anayejifunza salamu, kuhesabu hadi kumi na majina ya mazao hupata mengi kuliko anayotoa. Wazazi humwambia ukweli. Anajua nani analala njaa na nani amepelekwa Wembere kuchunga. Anayejifungia kota, mlango na pazia, huondoka baada ya miaka mitano akiwa mgeni kama alivyokuja, huku akisema watu wa huku ni wagumu. Mimi siwaoni wagumu. Nawaona watu wanaosubiri mtu atoke nje.

Lawama haimwangukii mwalimu pekee. Barua ya kupangiwa kazi humtaja mwajiri, shule na kituo. Haimtaji jirani hata mmoja. Kijana wa miaka 24 hushuka na begi na godoro, akaripoti kwa mkuu wa shule, akapewa darasa, basi. Halmashauri na wakuu wa shule wangeweza kulirekebisha hili bila bajeti: mwalimu mpya atambulishwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wazee, aseme jina lake na alikotoka, naye atajiwe mwenyekiti wa kitongoji chake na familia mbili zilizo karibu naye. Na wewe uliyepangiwa Kinampanda mwaka huu, usingoje wakutambulishe. Wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti, jiandikishe kwenye daftari la wakazi, kisha uliza kama kuna msiba.