Muulize mwanao dirisha ni la nini

Mpe mtoto wa darasa la nne penseli na karatasi, mwambie achore nyumba. Mara nyingi utapata paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili na juu yake dohani, lile bomba la kutolea moshi. Mtoto wa dada yangu anaishi Mbagala na hajawahi kuona nyumba yenye dohani, lakini anaichora. Ameitoa kwenye katuni.

Mwezi uliopita nilimwomba achore kitu kingine: chumba anacholala yeye na wadogo zake wawili. Akapima kwa hatua, tisa kwa saba, akachora mlango na vitanda. Kisha akasimama. "Mamdogo, dirisha nichore dirisha au nichore kabati?"

Kabati la nguo lilikuwa limeziba dirisha tangu walipohamia. Watoto watatu wanalala humo, na mmoja hukohoa karibu kila usiku. Sisemi kabati ndilo linalomkohoza, hilo ni la daktari kuamua. Ila chumba kisichopitisha hewa hubaki na unyevu, joto na vijidudu vya mafua na kifua kikuu, na sisi watu wazima wanne tulikuwa tunaingia humo kila siku bila kuona.

Tukatengeneza chumba cha boksi la viatu. Tulitoboa dirisha moja, nikawasha kijiti cha udi (awashe mtu mzima, maana boksi ni karatasi), nikaingiza moshi kidogo na kufunika. Ulizunguka tu humo ndani. Tulipotoboa dirisha la pili upande wa pili na yeye akapuliza taratibu, moshi ukatoka. Akataka kutoboa na juu kabisa, karibu na kifuniko. Hapo nikapata nafasi ya kumweleza kwamba hewa ya moto hupanda, ndiyo maana mafundi wengi huweka matundu juu ya dirisha.

Matundu hayo yana shida yake. Mbu wa malaria hupenda kuingilia juu, kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Ukiziba kila kitu unapata joto, ukiacha wazi unapata mbu. Jibu ni wavu, na mtoto analielewa haraka kuliko anavyoelewa somo la malaria ubaoni.

Wasanifu majengo nao wanahangaika na swali hilo hilo. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, wasanifu kutoka Denmark na watafiti walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta nyepesi za mianzi, mbao na nyavu, nyingine zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Mbu walioingia za ghorofa walikuwa wachache sana kuliko nyumba za kawaida, na usiku zilikuwa na ubaridi zaidi. Baadaye zikajengwa 110 mkoani Mtwara, kuona kama watoto wanaolala humo wanaumwa kidogo.

Kama mwanao anadhani majengo hubuniwa na wageni tu, mpeleke Kariakoo. Soko Kuu lile, lenye paa la zege kama miamvuli iliyopinduliwa, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Msimame chini ya paa, muulize maji ya mvua yanakwenda wapi. Msikimbilie jibu, atabishana na wewe vizuri tu.

Jambo moja usilifanye mchezo: jiko la mkaa. Likiwekwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Kwenye mchoro wa mtoto, jiko likae nje au penye uwazi mkubwa, na mwambie sababu bila kuficha.

Dada yangu mwanzoni hakufurahi. Alisema kabati liliwekwa pale kwa sababu ya wezi, na ni kweli dirisha linatazama uchochoro. Tulikagua nondo, ziko imara. Jumapili kabati likahamia ukuta wa mlangoni, na nyuma yake tukakuta ukutani doa la ukungu kubwa kama sinia, na wavu umetoboka sehemu mbili.

Fundi ameahidi kuja Jumamosi. Kwenye mchoro uliobandikwa mlangoni, binti ameandika: dirisha, ndiyo. Wavu, bado.