NAMBA ZA HITILAFU ZA INJINI: CHAMA KIZISOMEJE KABLA YA KUNUNUA GARI LILILOTUMIKA



Katika kukagua vitabu vya vyama vya msingi, mara nyingi hukuta muhtasari usemao kwamba Bodi imeliona gari, fundi amelithibitisha kuwa ni zima, na malipo yafanywe. Fundi alithibitisha kwa njia gani, muhtasari hausemi. Kwa gari la zamani lenye pampu ya dizeli ya kawaida, kama vile Hilux za injini za 2L na 3L, fundi mzoefu aliweza kutosheka na masikio yake, moshi wa ekzosi na oili kwenye kijiti. Magari yanayouzwa siku hizi yana kompyuta inayoongoza injini, nayo huweka kumbukumbu ya kila kasoro inayoigundua. Kununua gari la namna hiyo bila kuisoma kumbukumbu hiyo ni sawa na kupokea hesabu za ghala bila kufungua leja.

Utaratibu huu ulienea baada ya Marekani kuamuru kwamba magari madogo yote ya kuanzia toleo la mwaka 1996 yawe na soketi moja ya namna moja, yenye matundu 16, chini ya dashibodi upande wa dereva. Nchi za Ulaya zilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na ya dizeli yakaja baadaye kidogo. Kifaa cha kusomea huchomekwa katika soketi hiyo, nacho huonyesha herufi moja ikifuatiwa na tarakimu nne.

Tuchukue mfano wa P0301. Herufi P ni ya injini na giaboksi. B ni ya bodi la gari, C ni ya chesisi pamoja na breki, na U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta moja na nyingine. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, maana ya namba ni ile ile kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, kwa kawaida maana yake imewekwa na mtengenezaji mwenyewe, na lazima itafutwe katika kitabu cha gari hilo hasa. Tarakimu inayofuata hutaja sehemu: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni uchomaji, 4 ni udhibiti wa moshi, 7 ni giaboksi. Hivyo P0301 yasema kwamba silinda ya kwanza inakosa kuchoma sawasawa. P0300 yasema kwamba kukosa huko kunatokea bila kushika silinda moja.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba hutaja dalili iliyoonekana na kompyuta. Haitaji kipuri cha kununua. P0301 yaweza kuletwa na plagi iliyochakaa, koili, nozeli, au silinda iliyopoteza mgandamizo. Plagi ni jambo la asubuhi moja. Mgandamizo ni kufungua injini nzima. Fundi mwangalifu huihamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye silinda ya pili, kisha huliendesha gari. Namba ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, atazame plagi na nozeli, na Katibu adai kipimo cha mgandamizo kabla ya kuzungumza bei. Vivyo hivyo P0171, isemayo kwamba hewa imezidi mafuta, huwafanya watu wabadilishe sensa ya ekzosi, kumbe pengine mpira wa hewa umepasuka au pampu ya mafuta imechoka. Betri dhaifu nayo yaweza kuzaa namba nyingi kwa siku moja, nyingine zikiwa za sehemu ambazo hazina kasoro yoyote.

Namba ambayo mimi singeipuuza hata kidogo ni P0217, maana yake injini ilipata joto kupita kiasi. Mwuzaji atasema rejeta ilikwisha tengenezwa, na huenda ni kweli. Lakini joto hilo huenda liliipinda silinda hedi au kuichoma gasketi, na jambo hilo halijulikani kwa kuitazama rejeta mpya. Vifaa vingi huonyesha pia hali ya injini wakati hitilafu ilipoandikwa: mwendo wa gari, mizunguko ya injini na joto la maji. Yasomwe yote, si namba peke yake.

Ninayoyaona kuwa ya hatari zaidi ni yale yasiyoonekana. Namba nyingi zaweza kufutwa kwa muda wa dakika moja kwa kifaa kile kile cha kusomea, na katika magari mengi hata kwa kuchomoa waya wa betri. Chama kimoja cha wakulima kilinunua pikapu ya dizeli kwa fedha iliyotengwa kwa usafirishaji wa pembejeo. Siku ya makabidhiano taa ya injini ilikuwa imezimika. Baada ya siku chache iliwaka, gari likakosa nguvu mlimani, na namba ikasomeka P0087, yaani mgandamizo wa dizeli katika bomba la nozeli uko chini mno. Chujio likabadilishwa, namba ikarudi. Tatizo lilikuwa pampu. Mwuzaji alijibu kwamba siku ya mauzo hapakuwa na taa, na chama hakikuwa na karatasi yoyote ya kumpinga. Msimu huo wanachama walikodi gari kwa ajili ya mbolea, huku la kwao limeegeshwa.

Hata hivyo mfutaji huacha alama. Kompyuta hufanya vipimo vyake yenyewe, na kila kipimo huandikwa kuwa kimekamilika au hakijakamilika. Namba zikifutwa, vipimo hivyo vingi hurudi kuwa havijakamilika, na huhitaji siku kadhaa za mwendo wa kawaida ili vikamilike tena. Ndiyo sababu wakaguzi wa moshi katika majimbo kadhaa ya Marekani hulikataa gari ambalo vipimo vyake vingi havijakamilika, hata kama halina namba hata moja. Aidha, vifaa vingi huonyesha kilometa zilizokwenda tangu namba zifutwe. Mwuzaji akisema gari liko kazini kila siku, na kifaa kikaonyesha kilometa 9, swali la kumwuliza mnalo.

Wanunuzi wa magari ya fahari wameyajua hayo siku nyingi. Anayetaka Porsche 911 iliyotumika huomba taarifa ya kompyuta inayoonyesha ni mara ngapi injini ilizungushwa kupita kiwango, na katika saa ya ngapi ya kazi yake. Dereva aliyeingiza gia ya pili badala ya nne hawezi kuificha siku hiyo. Sisi tunanunua pikapu, lakini fedha yetu ni ya watu wengi zaidi.

Kuna magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ambayo yana soketi hiyo, lakini kifaa cha kawaida hakipati jibu. Kifaa kunyamaza si ushahidi wa uzima. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi huunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1, na taa ya injini huhesabu namba kwa kuwaka na kuzimika. 22, kwa mfano, ni sensa ya joto la maji.

Kwa hiyo Bodi imtume fundi anayelipwa na chama, asiwe mtu wa mwuzaji. Gari likutwe injini ikiwa baridi. Swichi ifunguliwe bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikiwashwa. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa. Namba zisomwe zote, zikiwamo zile ambazo kompyuta bado inazingojea kuthibitika, wala zisifutwe. Gari liendeshwe kilometa 30 hivi, lipande mlima likiwa na mzigo ikiwezekana, kisha zisomwe tena. Karatasi iandikwe tarehe, namba ya chesisi, kilometa za dashibodi, namba za hitilafu, hali ya vipimo na kilometa tangu kufutwa, itiwe sahihi na fundi, Katibu na mwuzaji, na iambatanishwe na muhtasari. Mwuzaji akikataa kutia sahihi, hilo nalo liandikwe.

Karatasi hiyo haitasema lolote juu ya kutu ya chesisi, matairi, au springi zilizopinda. Hayo bado yanahitaji fundi alale chini ya gari.