Usitupe Mbachao

Wahenga walisema: "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka wa zamani, uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia. Maana yake ni kwamba usiache kitu chako cha kila siku kwa sababu umeona kitu kizuri cha kupita tu.

Methali hii inatugusa majumbani mwetu. Hapa Ngarambe, na Rufiji yote hadi Kibiti na delta, wapo wanaojua kusuka mkeka, kuchonga mchi, kufinyanga chungu na kukandika nyumba. Lakini utamsikia kijana akisema, "Mama, hivyo ni vitu vya maskini. Dukani vimejaa." Na utamsikia mzee akijibu, "Mwanangu, vya mababu ndivyo vyema, vyote!"

Nani kasema kweli? Hakuna hata mmoja. Kitu si kizuri kwa sababu ni cha zamani. Wala si kizuri kwa sababu kimetoka dukani. Kila kitu cha nyumbani tukiulize maswali matatu:

1. Kimetoka wapi?
2. Kinamchosha nani?
3. Kikichakaa kitakwenda wapi?

Haya, tuingie ndani ya nyumba tuanze kuuliza.

MKEKA

Wanawake wa Rufiji wanajulikana kwa mikeka ya ukindu. Ukindu unatoka kwenye mkindu, mti wa jamii ya mitende. Unaota mabondeni na kando ya maji. Msukaji hukata jani changa la katikati ambalo halijafunguka. Hulichana, hulichemsha, na kulianika juani mpaka liwe jeupe. Nyuzi nyingine hutiwa rangi. Rangi nyeusi ya asili hutoka kwenye mizizi ya mti uitwao mdaa. Kisha husukwa ukili mrefu, na kili hushonwa pamoja zikawa mkeka.

Mkindu huota kichaka, mashina mengi pamoja. Lakini kila shina lina kichwa kimoja tu cha kukulia. Ukikikata, shina hilo linakufa. Halichipui tena. Na ukichukua majani machanga yote ya kichaka kila mara, kichaka kinadhoofika. Basi chukua jani moja kwa shina, uhamie shina jingine. Rudi pale jani jipya litakapokuwa limekua. Tena usichome moto bondeni.

Swali la pili: mkeka unamchosha nani? Mara nyingi ni mama, anayesuka baada ya kutoka shamba na kupika. Mnunuzi akitaka mkeka wa ukindu kwa bei ya mkeka wa plastiki, anataka kazi ya bure. Kwa hiyo msukaji apige hesabu kabla ya kutaja bei. Tuseme amefanya kazi siku 20, akauza mkeka kwa shilingi 40,000. Gawanya 40,000 kwa 20. Jibu ni shilingi 2,000 kwa siku, na bado hujatoa pesa ya rangi. Je, inatosha? Hesabu ndiyo itakayomjibu, si maneno ya mnunuzi.

Swali la tatu ni rahisi. Mkeka wa ukindu ukichakaa, utupe shambani. Utaoza uwe udongo. Mkeka wa plastiki ni mwepesi kuosha, hilo ni kweli. Lakini ukikatika hauozi. Vipande vyake vinabaki uani na mashambani miaka mingi.

KIKAPU NA MFUKO

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kabla ya hapo mfuko ulitolewa bure dukani, ukatupwa njiani. Mbuzi na ng'ombe waliula, ukawaziba tumbo. Ulikaa mitaroni, maji yakatuama, mbu wakazaliana.

Sisi tulikuwa na jawabu kabla ya sheria. Kikapu cha miyaa kinabeba mchele, dagaa na sukari kwa miaka. Palipo na minazi, pakacha linasukwa kwa dakika chache na kubeba maembe au muhogo. Mnazi huohuo unatupa kifumbu cha kuchujia tui, upawa wa kuchotea mchuzi, na ufagio wa chelewa. Kawa inafunika chakula, nzi wasitue. Vyote hivi vikichakaa vinaoza au vinakuwa kuni.

Jambo moja la kukumbuka: usiwashe moto kwa vipande vya plastiki. Wengi tunafanya hivyo kwa sababu vinashika upesi. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta ni mama pamoja na mtoto aliye mgongoni. Tumia nyasi kavu, makumbi ya nazi au vijiti.

JIKO

Sasa tufike jikoni. Hapa mzee wetu asikasirike, maana mafiga matatu yanashindwa swali la pili.

Mafiga ni ya asili, hayana gharama. Lakini moto wake uko wazi. Upepo unauchukua huku na huku, na joto kubwa linapotea. Kuni nyingi zinakwisha na moshi unajaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupika kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani. Wengi waliougua ni wale wakaao karibu na moto: kina mama na watoto.

Tena kuni zinafuatwa porini. Ngarambe ni jirani na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Porini kuna tembo, nyati na simba. Wananchi wa Rufiji hawajasahau miaka ya 2002 hadi 2004, simba walipoua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya wilaya. Kila safari ya kuni tunayoipunguza ni safari moja ya hatari imepungua.

Tupige hesabu nyingine. Tuseme nyumba inatumia mizigo 15 ya kuni kwa mwezi. Jiko zuri likipunguza theluthi moja, itabaki mizigo 10. Safari 5 zimeokolewa. Kwa mwaka ni safari 60.

Jiko hilo unaweza kulijenga mwenyewe bila kununua kitu. Fanya hivi:

1. Chukua udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi. Uponde, uondoe mawe. Changanya na nyasi kavu zilizokatwa vipande vifupi. Tia maji, ukande kwa miguu, uulaze usiku mmoja.
2. Panga mafiga matatu yakae imara. Weka juu yake sufuria unayoitumia sana.
3. Jenga ukuta wa udongo kuzunguka mafiga. Unene wake uwe kama upana wa kiganja. Acha mlango mmoja wa kuingizia kuni.
4. Kati ya sufuria na ukuta acha nafasi ya kidole kimoja, moshi upite. Nafasi ikiwa kubwa, joto litakimbia. Ikiwa ndogo mno, moto utazimika.
5. Toa sufuria taratibu. Acha jiko likauke kivulini wiki mbili. Ukiona ufa, uzibe kwa udongo mbichi.

Jiko peke yake halitoshi. Pasua kuni ziwe nyembamba na uzianike. Funika sufuria. Loweka kunde na maharage usiku kucha kabla ya kupika. Jiko likae mahali penye dirisha au uwazi wa kutolea moshi, lisikae chumba cha kulala.

Jiko la udongo ni hatua tu, si mwisho wa safari. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, kama gesi na umeme. Atakayeweza kuifikia mapema, asione haya kuliacha jiko la kuni.

NYUMBA

Nyumba ya miti na udongo ina ubaridi mzuri mchana. Ikibomoka, inarudi ardhini. Lakini nguzo na fito zinatoka msituni, na mchwa wakizila unarudi kukata nyingine. Basi ifanye idumu. Inua msingi juu ya ardhi kwa mawe au udongo ulioshindiliwa. Paa litokeze nje, mvua isipige ukuta. Kandika upya kila mwaka kabla ya masika. Ukitaka matofali, ya udongo yaliyokaushwa juani hayali kuni. Yale ya kuchoma yanakula kuni nyingi sana.

Na bati je? Bati halitoki kijijini, na mchana lina joto. Lakini liulize swali la pili. Paa la mita 6 kwa mita 5 lina eneo la mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10 inaangusha juu yake lita 300. Hizo ni ndoo 15 za lita 20. Ukiwa na mfereji na pipa safi lenye kifuniko, mama hatakwenda kisimani siku hiyo. Kwa hiyo maisha rahisi hayana maana ya kukataa kila cha dukani. Maana yake ni kuchagua.

KIJIJI KIFANYE NINI

Figa moja haliinjiki chungu. Mtu mmoja akitunza mkindu na jirani yake akaukata kichwa, kazi ni bure. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupitisha sheria ndogo: bonde lipi lipumzike, nani avune ukindu, na faini ni kiasi gani. Wazee wanaokumbuka kampeni ya redio ya "Misitu ni Mali" ya mwaka 1980 wawaeleze vijana. Na bibi anayejua kusuka akae na mjukuu barazani. Ujuzi usiporithishwa unazikwa na mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja vitu vitano vya nyumbani kwako. Viulize maswali matatu. Kipi kimeshinda yote?
2. Nyumba yako inatumia mizigo mingapi ya kuni kwa mwezi? Ni saa ngapi kwenda na kurudi?
3. Bonde la mkindu la kijiji chenu limeongezeka au limepungua tangu utoto wako? Mtafanya nini mwaka huu?