Kwa Nini Watu Hupinga Mabadiliko

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika mno. Baada ya hapo serikali iliwahamisha wakulima wa bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu, ambako ilikuwa rahisi kuwafikishia shule na zahanati. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kila msimu wakulima walirudi bondeni, wakajenga madungu na kukaa humo wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Ni rahisi kuuita mwenendo huo ukaidi. Lakini rutuba ya bonde huletwa na mafuriko yale yale, na mashamba hayakuweza kuhamishwa pamoja na nyumba.

Wataalamu wa saikolojia walikutana na jambo la namna hii katika kiwanda cha pijama cha Harwood, huko Virginia, Marekani. Wafanyakazi walilipwa kwa idadi ya vipande, na kila walipobadilishiwa kazi, uzalishaji ulishuka na wengi wakaacha kazi. La kushangaza ni kwamba wazoefu walichelewa kuimudu kazi mpya kuliko wageni kabisa. Kwa hiyo kasoro haikuwa ya mikono bali ya moyo.

Lester Coch na John French, waliochapisha matokeo yao mwaka 1948, waliwagawa wafanyakazi katika makundi. Kundi moja lilielezwa tu mabadiliko yaliyokwisha amuliwa. Katika siku 40 za mwanzo, asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi. Makundi ambayo watu wake wote walishiriki kupanga kazi mpya hayakupoteza hata mtu mmoja, na yakavuka kiwango chake cha zamani. Baadaye mabaki ya kundi la kwanza yaliposhirikishwa katika badiliko jingine, nayo yakafanya vizuri. Watu walikuwa wale wale; kilichobadilika ni utaratibu. (Kushirikisha, bila shaka, si kuitisha mkutano ili watu wapige makofi.)

Huko Salale, kwenye delta, suala hili limo katika mikoko, ambayo imekuwa hifadhi ya serikali tangu enzi ya Wajerumani. Wenyeji huishi kwa uvuvi, boriti, na mpunga unaostawi pale maji baridi ya mto yanaposukuma chumvi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu serikali na vijiji kukubaliana kusimamia msitu kwa pamoja. Makubaliano ya aina hiyo humhitaji mkulima anayejua chumvi hufika wapi wakati wa kiangazi, tena kabla mpaka haujachorwa.