Mwamuzi Anapobisha Hodi: Desturi za Bustani za Majini Uholanzi

Mgeni anayeliona tangi la samaki la Kiholanzi kwa mara ya kwanza hudhani ni kitalu cha maua kilichozamishwa. Mimea imepangwa makundi kwa makundi, mwekundu kando ya wa kijani, wenye majani mapana kando ya wenye majani membamba kama nyuzi. Huamua papo hapo kwamba huu ni unadhifu uliopitiliza, usio na asili ndani yake.

Hukumu hiyo haiwatendei haki wenye matangi hayo. Nyuma ya unadhifu huo kuna jumuiya yenye mila zake, zilizoanza kujengeka miaka ya 1930, na mila iliyo kuu kuliko zote haionekani pichani kwa sababu hufanyika sebuleni mwa mwenye tangi.

Kazi huanza na changarawe, inayotandazwa kwa ngazi zinazopanda kuelekea nyuma. Kisha huja kanuni ambazo wazee wa vyama vya wafugaji huwafundisha wanachama wapya: kundi moja la mmea kwa takriban kila sentimita 10 za urefu wa tangi, majirani watofautiane kwa rangi, kimo na umbo la jani, mmea wa kuvuta jicho usikae katikati, bali kwenye theluthi. Fahari ya tangi ni ile inayoitwa njia ya Leiden. Lobelia cardinalis au Saururus cernuus hupandwa kwa safu, mifupi mbele na mirefu nyuma, ikikata kwa mshazari hadi jicho liamini kwamba tangi lina kina kirefu kuliko lilivyo.

Njia hiyo haijitunzi. Mimea ikirefuka, mwenye tangi huingiza mkono na mkasi, hukata ncha, hung'oa mashina yaliyochoka na kupandikiza ncha zile kwa kibano, moja moja. Ni kazi ya kila mara, mwaka mzima. Anayeiona kuwa kupenda usafi tu hajatambua kwamba ni kilimo.

Samaki nao wana utaratibu wao. Tangi jipya hupandwa mimea mingi tangu mwanzo ili inyonye amonia, huku bakteria wakihitaji wiki kadhaa kuongezeka vya kutosha kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na sumu kali. Wanaoharakisha huua samaki. Baada ya hapo samaki huchaguliwa kwa tabaka: wa juu, wa kati na wa chini, wote wanaovumilia maji ya aina moja, na wale wanaoishi kwa makundi wawekwe kwa makundi. Katika matangi makubwa huogelea tetra wa Kongo, samaki wa bonde la mto huo, ambaye mapezi ya dume hurefuka kama pindo la kanzu.

Kisha mwamuzi hubisha hodi.

Mashindano ya NBAT, shirikisho la vyama hivyo vya wafugaji, hufanyika majumbani. Mwamuzi huketi mbele ya kioo na kutazama kwa utulivu. Hupima maji. Huangalia kama samaki wana afya na kama wanafaa kuishi pamoja, kama mimea inakua au imesimama tu, kisha hugeukia mpangilio na rangi. Humweleza mwenye nyumba alichokiona, na mwenye nyumba huuliza. Washindi wa vyama huendelea hadi ngazi ya taifa. Minada ya samaki na maonyesho ya vyama yapo pia, lakini hayo hupatikana popote penye wafugaji.

Leo umaarufu uko kwingine. Mjapani Takashi Amano, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki 2015, aliufundisha ulimwengu kutunga mandhari ya mawe, magogo na mimea chini ya maji. Tangi alilolitunga Lisbon mwaka 2015 lilikuwa na urefu wa mita 40 na lita 160,000 za maji. Ustadi wake hauna ubishi. Lakini shindano lililoanzishwa na kampuni yake mwaka 2001 hupokea picha, na picha ni ya dakika moja. Haiwezi kusema kama samaki walikuwa hai mwezi uliofuata, na kuna matangi yanayovunjwa mara tu baada ya kupigwa picha.

Huko Uholanzi vyama vinapungua, wanachama wanazeeka, na vijana hujifunza peke yao mbele ya skrini. Hasara hapa ni kubwa kuliko kutoweka kwa mtindo mmoja wa kupanga mimea. Kinachopotea ni utaratibu ambao mtu mwenye ujuzi hufunga safari hadi nyumbani kwa mwenzake, akanusa na kupima maji yake, akamwambia ana kwa ana kwamba kambale wake wanakosa mchanga wa kuchimbachimba au kwamba mmea wa kona ya kushoto una njaa ya chuma. Vijana wenye matangi ya mtindo wa Amano wanaweza kuuchukua utaratibu huo bila kubadili hata jiwe moja: wafungue milango, waalikane, na tangi lihukumiwe likiwa na miezi sita ya uhai.