Na Shanta Mgongoni, Kilosa Hadi Mikumi

Wamo miongoni mwa vijana wetu wanaohusudu habari za wasafiri wanaoivuka Uchina mwezi mzima, shanta mgongoni, bila ya wakala wala kiongozi, wakilala pale usiku unapowakuta. Nami, bila ya kuidharau Uchina, nasema kwamba ilimu ya safari ya namna hiyo, raha zake na adha zake, yapatikana kati ya Kilosa na Mikumi kwa siku 3.

Njia yenyewe ni ya kale. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita bonde la mto Mkondoa. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita upande huo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walakini waliobeba mizigo walikuwa wapagazi, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Baadaye Wajerumani walitandaza reli, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ikawa mji wa stesheni na wa mkonge. Mto ule ule ulioongoza misafara ulifurika mwishoni mwa mwaka 2009, ukazoa nyumba na kukata reli kwa miezi kadhaa. Basi msafiri wa masika na auheshimu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme iendayo Dodoma huvipita vilima vya Kilosa ndani ya mahandaki, na abiria aliyezoea kuhesabu madaraja hujikuta gizani ghafla.

Nilipoingia gesti ya Kilosa jioni, mama mtu mzima aliyekuwa zamu alinifungulia daftari la wageni, lenye nafasi ya jina, kabila, utokako na uendako, nikaandika yote kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilipomwamkia aliitikia, akaniuliza, “Umefikia kwa nani, mwanangu?” Nikamwambia sina mtu, natembea tu. Alinitazama kitambo. Kwetu sisi safari aghalabu ina mtu mwishoni mwake, kama si maiti wa kuzikwa basi ni harusi, au mgonjwa, au mwajiri. Na mtu asiyekwenda kwa yeyote huhurumiwa na kutiliwa shaka kwa wakati mmoja. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko vumbi na kunguni, na hakuna ramani iliyolionyesha. Asubuhi yule mama alinipa jina la mpwa wake, fundi baiskeli wa Mikumi, akasema, “Mwambie umetoka kwangu.”

Gari la Mikumi niliambiwa huondoka saa mbili. Liliondoka saa sita, maana haliondoki mpaka lijae, na kwa muda wote huo shanta langu lilikaa chini ya meza ya muuza maandazi, asiyenidai hata senti. Twalipita kijiji kiitwacho Ulaya, ambako mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza njia kuwa tope, tukashuka kusukuma, wanaume kwa wanawake.

Mikumi, iliyopewa jina la minazi mwitu iitwayo mikumi, imepakana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Zambia huikata kwa kilomita kama 50, hata abiria wa basi, kwa nauli yake tu, aweza kuona twiga na swala dirishani. Na kwa masikitiko makubwa nasema kwamba magari yaendayo mbio huwaua wanyama hao, ijapokuwa matuta yamewekwa na faini ipo. Walakini ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kujiendea kwa miguu peke yako. Kiingilio cha mwananchi ni chepesi mno kuliko cha mgeni, lakini gari la kukodi halina huruma kwa mtu mmoja, kwani gharama ya watu sita humwangukia yeye peke yake.

Nilimkuta yule fundi ameinamia gurudumu, mikono imejaa grisi. Nilipolitaja jina la shangazi yake hakuuliza langu. Aliuliza kwanza kama shangazi amekwisha kupalilia mahindi, kisha akanawa, akafunga kibanda, akanipeleka kwa walimu watano wa likizo waliokuwa wakitafuta mtu wa sita.