Mkulima Mzee Anapohamia kwa Mtoto Mjini

Wengi wa wakulima waliopewa mashamba katika skimu za makazi tangu mwaka 1962, ulipoanza mpango wa eka milioni moja, wamekwisha kufariki, na waliobaki ni wakongwe. Watoto wao waliozaliwa palepale shambani nao wengine wamepita miaka 60. Kwa hiyo swali la nani atamtunza mkulima nguvu zikimwishia si la kungojea kesho. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya wenye miaka 60 na zaidi walikuwa karibu milioni 2.7, na wengi wao hukaa mashambani hali watoto wao wako mijini.

Mambo huwa hivi. Mzee hushikwa na maumivu ya magoti, au macho huingia ukungu, au presha humpanda. Binti yake aliye Nairobi humwambia, "Baba, njoo ukae nasi." Mzee hufunga mlango, humwachia jirani ng'ombe, naye hupanda gari. Ni jambo jema, na yule asiye na mtoto wa kumwambia hivyo hulitamani sana. Lakini yako mambo ambayo mzee akiyaacha nyuma bila kuyatengeneza, hayawezi kutengenezwa kwa urahisi akiwa mjini.

Tuchukue mfano wa Lucky Summer, kwa kuwa watu wengi waliotoka mashambani wana watoto huko. Ni mtaa wa upande wa mashariki wa Nairobi, katika eneo la Ruaraka, jirani na Baba Dogo na Korogocho, wala si mbali na jaa kubwa la Dandora ambalo moshi wake watu wa huko waujua vyema. Nyumba nyingi ni za kupanga, nyingine za ghorofa, na familia nyingi hukaa katika chumba kimoja au viwili. Mfereji ukikauka maji hununuliwa kwa mitungi na kupandishwa ngazini. Mtu mwenye magoti mabovu akipangiwa ghorofa ya tatu, atashuka siku ya kwenda hospitali na siku ya kwenda kanisani au msikitini, basi. Asubuhi binti huenda kazini, wajukuu huenda shule, na mzee aliyezoea kuamka alfajiri kukamua hubaki kitini mchana kutwa akitazama ukuta. Wengi huona kwamba ugonjwa ndio unaomdhoofisha mzee mjini. Kwa maoni yangu, kukaa bure humdhoofisha zaidi.

Sasa habari ya matibabu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA, imechukua mahali pa mfuko wa zamani wa hospitali, NHIF, uliokuwako tangu mwaka 1966. Hapa wengi hukosea. Mtu aliyeandikwa kazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na fedha hizo humhudumia yeye, mume au mke wake, na watoto wao. Hazimhudumii baba yake wala mama yake. Mzee ni lazima ajiandikishe mwenyewe kwa kitambulisho chake, na anaweza kufanya hivyo kwa simu kwa kupiga *147#, au kwa kusaidiwa katika kituo cha afya. Kujiandikisha tu hutosha kwa matibabu ya zahanati na kituo cha afya. Lakini kwa kulazwa katika hospitali kubwa, sharti awe amelipa mchango wake. Kwa asiye na mshahara, mchango hukadiriwa kwa kutazama hali ya nyumba yake, nao haupungui Sh. 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa mara moja. Yafaa basi mkulima alipe baada ya kuuza mavuno, maana fedha hizo zikingojwa hadi siku ya ugonjwa hazitakuwapo.

Jambo la pili ni fedha za wazee za Inua Jamii. Mpango huu ulianza kwa wazee wachache walio maskini sana, na mwaka 2018 Serikali iliupanua kwa wenye miaka 70 na zaidi wasiopata pensheni. Malipo ni Sh. 2,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini hununua unga, sukari na dawa ya presha, na mzee mwenye fedha zake mwenyewe haombi kila kitu. Uandikishaji hupita kwa naibu wa chifu na Afisa wa Maendeleo ya Jamii, nao hufuata kitambulisho. Hapo ndipo shida nyingi huanzia. Wazee kadha wa kadha, walipochukua kitambulisho ujanani, walikadiriwa umri kwa kutazamwa uso tu, na leo mtu mwenye miaka 74 huonekana katika karatasi ana 66. Kosa kama hilo husahihishwa katika ofisi ya uandikishaji wa watu, na ushahidi wake, kama vile cheti cha ubatizo, karatasi za shule, au neno la chifu na wazee wa rika lake, hupatikana nyumbani alikozaliwa au alikokaa. Haupatikani Lucky Summer. Chifu wa mjini hamjui mzee huyo hata kwa sura. Aliye mgonjwa asiyeweza kwenda mwenyewe kupokea malipo huweza kuandikisha mtu wa kumpokelea, na achague mtu ambaye hatazila. Tena, akihama, awaarifu waliomwandikisha, kwa sababu wanaolipwa hutakiwa kuthibitisha kwamba wangali hai.

Msomaji aliye na miaka 40 au 45 asiipite sehemu hii. Mfuko wa NSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, zamani ulikuwa wa watu wa mishahara, lakini sasa mkulima naye huweza kujiunga kwa hiari yake. Uko pia mpango wa Mbao uliozinduliwa mwaka 2011 kwa ajili ya mafundi wa jua kali na wengine wasio na mwajiri. Jina lake latoka katika lugha ya vijana wa Nairobi, ambao shilingi ishirini huziita mbao, na ndiyo akiba ya siku moja iliyokusudiwa. Shilingi ishirini kwa siku ni Sh. 7,300 kwa mwaka. Mwenye kupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika huweza kuweka kiasi hicho asione pengo.

Turudi shambani. Mkulima mzee hapaswi kungoja mpaka aanguke ndipo apunguze kazi. Ng'ombe watatu wa kukatiwa majani kila siku ni kazi ya kijana. Ng'ombe mmoja mzuri anayelishwa zizini, au mbuzi wawili wa maziwa, mzee na mkewe huwaweza. Viazi vinataka mgongo wenye nguvu, kwani hata gunia la kilo 50 si mchezo. Miti ya mbao, parachichi na majani ya mifugo hutaka nguvu nyingi mwanzoni tu. Sehemu iliyobaki huweza kukodishwa kwa msimu, lakini kwa maandishi, yenye ukubwa wa kipande, bei, siku ya kuanza na siku ya kutoka, na mashahidi wa pande zote mbili. Jirani aliyeachiwa shamba kwa maneno matupu miaka mitano husahau kwamba si lake.

Na hati ya shamba? Aliye na hati aijue iko wapi. Asiye nayo kwa sababu deni la makazi halijalipwa au halijafutwa katika daftari ya ardhi, ashughulike angali ana miguu ya kwenda ofisini, maana watoto wake watahangaika zaidi kuliko yeye. Kuliuza au kuligawa shamba hutaka idhini ya bodi ya ardhi, na mume haliuzi bila idhini ya mkewe. Mtoto anayemhimiza baba yake auze eka zote ili wanunue kiwanja mjini aulizwe jambo moja: hicho kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani?

Wosia si uchuro. Wosia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, na yafaa wasiwe watu wanaorithishwa. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili nao hukubaliwa, lakini hudumu miezi mitatu tu. Mzee akiishi zaidi ya hapo, maneno yake hayana nguvu tena. Akifa bila wosia wowote, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 humpa mjane haki ya kulitumia shamba maishani mwake, lakini hawezi kuliuza bila idhini ya mahakama. Baada yake watoto hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Mwenye wake wengi, mali yake hugawanywa kwa nyumba kwa kufuata idadi ya watoto, na kila mke huhesabiwa pia. Waislamu hufuata sheria yao ya mirathi.

Wako wazee wasio na mtoto wala ndugu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, husema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali, lakini nyumba za kutunzia wazee ni chache mno. Iliyo karibu na Lucky Summer ni Nyumba ya Wazee, Kasarani, ya Masista Wadogo wa Maskini, nayo ni kwa wazee fukara. Mtu asiitegemee kama mahali pa kumpeleka baba ambaye watoto wake wamechoka naye.

Kwa mwenye watoto, shauri langu ni aende kwanza mwezi mmoja, kama mgeni, msimu ambao kazi shambani ni kidogo. Aone ngazi, aone choo kiko wapi usiku, ajue jirani yupi hukaa nyumbani mchana, na kituo cha afya kilicho karibu kama kina dawa zake. Binti naye ataona kama mshahara wake unatosha. Ng'ombe asiuzwe, na mlango wa nyumba ya shambani usiondolewe bawaba, mpaka mwezi huo uishe na wote wawili waseme walivyoona.